Majibu ya damu yasivunje nyumba

Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki hii. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia.

Ndugu msikilizaji, mtu anapokwenda kumtolea damu ndugu yake aliyelazwa hospitali, mara nyingi huwaza mambo mawili tu: sindano, na soda atakayopewa baadaye. Hawazi kwamba damu ile itapelekwa maabara. Lakini ndivyo ilivyo. Hapa nchini damu inayotolewa hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini aina ya B na homa ya ini aina ya C kabla ya kuingizwa mwilini mwa mgonjwa. Basi hutokea mtu mwenye afya yake, anayeweza kubeba gunia la mahindi bila kuhema, akaitwa pembeni na kuambiwa kuwa damu yake haitatumika kwa sababu ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Hapo ndipo balaa linapoanza. Wiki chache zilizopita mama mmoja wa hapa Dar es Salaam alituandikia barua. Mumewe alikwenda kumtolea damu mpwa wake, akarudi nyumbani na karatasi. Kwa bahati mbaya karatasi ile ilisomwa kwanza na wifi mtu, naye akauliza mahali kwamba ugonjwa huo huambukizwaje. Akajibiwa neno moja: zinaa. Kufikia jioni hukumu ilikuwa imeshatolewa, na mtuhumiwa alikuwa ni mke. "Shikamoo kaka," aliandika mama huyo. "Mimi sijatoka nje ya ndoa yangu tangu nilipoolewa, na mume wangu naye ameapa kwa Mungu. Sasa nani kauleta?"

Swali hilo linaulizwa katika nyumba nyingi, na lina jibu. Ila jibu lenyewe halimo katika neno lile moja alilojibiwa wifi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wengi wakisikia "homa ya ini" husubiri homa, na homa yenyewe pengine haiji kabisa. Wengine huchanganya ugonjwa huu na homa ya manjano, ile ambayo wasafiri hudaiwa kadi ya chanjo yake viwanja vya ndege na mipakani. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini aina ya B haina habari na mbu. Kinacholeta mkorogano ni kwamba ini likiugua, macho na ngozi huweza kugeuka rangi ya manjano, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya mkandaa. Isitoshe, homa za ini ziko za aina nyingi. Aina ya A na ya E hutoka katika kinyesi na kumfikia mtu kwa njia ya maji na vyakula vichafu. Aina ya B, C na D hupitia damu. Katika hizo, B ndiyo inayopita kwa urahisi zaidi watu wanapojamiiana. D haiwezi kumshika mtu asiye na B, kwa hiyo anayejikinga na B amejikinga na zote mbili. C huenea hasa kwa damu, kama vile sindano zinazotumiwa na watu zaidi ya mmoja, na katika kujamiiana hupita mara chache.

Hiyo ya B iligunduliwa na mtu ambaye hakuwa akiitafuta. Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa akichunguza jinsi damu za watu wa mataifa mbalimbali zinavyotofautiana. Katika damu ya Mwaborijini mmoja wa Australia akakuta kitu kigeni, akakitangaza mwaka 1965 bila kujua bado kwamba ameshika mkia wa kirusi cha homa ya ini. Mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel, na tarehe yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Homa ya Ini Duniani. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Napenda kulikumbusha jambo hilo, maana watu wengi mitaani hawajui kuwa katika magonjwa yanayopitia tendo la ndoa, huu ni mmojawapo wa machache sana yenye chanjo.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama.

Virusi vya homa ya ini B hukaa katika damu, katika shahawa na katika majimaji ya ukeni. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba huambukiza kwa urahisi mara 50 hadi 100 kuliko virusi vya UKIMWI. Vikidondoka nje ya mwili, kwa mfano katika tone la damu lililokauka juu ya wembe, huweza kukaa hai kwa siku zisizopungua 7. Kwa sababu hiyo vina milango kadhaa ya kuingilia. Kujamiiana bila kinga ni mlango mkubwa. Lakini uko pia mlango wa mama na mtoto wakati wa kujifungua. Na uko mlango wa watoto wadogo wanaocheza na kulala pamoja, huyu ana kidonda mguuni, yule amechubuka goti, au wananyolewa kwa wembe mmoja siku moja. Hapa kwetu Afrika, wengi walio na virusi hivi waliviokota kupitia milango hii miwili ya mwisho, kabla hawajajua hata kuandika majina yao.

Tena kuna jambo ambalo laiti wifi angelijua. Matokeo ya ugonjwa huu hutegemea sana umri wa mtu alipoambukizwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, mwili wake hauwezi kupambana. Katika kila watoto 100 wa namna hiyo, kama 90 hubaki na virusi kwa miaka mingi, pengine maisha yao yote. Akiambukizwa akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, uwezekano huo hushuka hadi kati ya asilimia 30 na 50. Lakini mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida hupigana, na hushinda. Anaweza kuugua, hata kugeuka manjano na kulazwa, na wachache hufa katika hatua hiyo. Hata hivyo, katika kila watu wazima 100 ni pungufu ya 5 wanaobaki na virusi kwa muda mrefu.

Fanya hesabu, ndugu msikilizaji. Ukimkuta mtu wa miaka 42 ana virusi hivi, ukampima tena baada ya miezi 6 ukavikuta bado vipo, uwezekano mkubwa ni kwamba amekuwa navyo tangu utotoni. Alikwenda navyo shuleni, akachezea navyo mpira, akaoa navyo. Karatasi ya maabara haitaji siku, wala haitaji mtu. Sisemi kwamba haiwezekani mtu mzima kuambukizwa nje ya ndoa. Inawezekana, na inatokea, na daktari anaweza kuongeza kipimo cha kuonyesha kama maambukizi ni ya hivi karibuni. Ninachosema ni kwamba kipimo kile cha kwanza peke yake si ushahidi wa uzinzi, na anayekitumia kumfukuza mke au kumdhalilisha mume amesoma kisichoandikwa.

Hata hivyo, kujua kwamba virusi ni vya zamani hakumaanishi watu warudi kitandani kama kawaida. Hapa ndipo wengine, baada ya kufurahi kwamba heshima ya nyumba imepona, husahau ini. Mwenye virusi anaweza kumwambukiza mwenzake leo usiku hata kama amekuwa navyo miaka 40.

Kinachotakiwa ni kwamba mwenzake naye akapimwe, na apimwe vizuri. Kuna kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, na kuna vipimo vya kutafuta kinga, yaani askari ambao mwili huwaacha baada ya vita. Mke wa yule bwana anaweza kukutwa na hali tatu. Ya kwanza ni kwamba naye ana virusi, na hapo wote wawili wanahitaji daktari wa kuwafuatilia. Ya pili, na si ajabu kabisa kwa watu walioishi pamoja miaka mingi, ni kwamba virusi vilishampata na mwili wake ukavishinda bila yeye kujua. Huyo ana kinga, hahitaji kuogopa. Ya tatu ni kwamba hajawahi kukutana navyo. Huyu ndiye wa kukimbiliwa. Aanze chanjo mara moja, dozi tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Na tangu siku hiyo hadi ithibitike kuwa amepata kinga, wanandoa hao watumie kondomu kila mara. Kuthibitisha ni kupima damu mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, kwa kuwa wapo watu wachache ambao chanjo haiwakolei na inabidi warudie. Kinga ikishaonekana, kwa upande wa homa ya ini B wanaweza kuiweka kondomu kando, na wakizaa watoto wakazaa.

Najua maneno "kondomu" na "ndoa" yakikaa pamoja huwachoma watu. Mume huona ametengwa, na mke huogopa kuitaja asije akaambiwa ana mtu. Tumejizoesha kuifikiria kondomu kama kitu cha gesti. Hayo ni mabaki ya namna tulivyohubiriwa miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoingia. Wale wa rika langu tulikuwa watoto wakati huo, lakini tunakumbuka utani wa mitaani uliogeuza herufi nne za jina la Kiingereza la ugonjwa ule, eti "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Watu walicheka, na huku wanazikana. Tangu wakati huo kondomu imekaa upande wa dhambi. Lakini kwa wanandoa hawa wetu ni kifaa cha miezi michache tu, kama bandeji. Yafaa daktari au muuguzi awaeleze wote wawili wakiwa wamekaa chumba kimoja, ili asiwepo wa kumbebea mwenzake maneno.

Tena itumike inavyopaswa. Nimewahi kumsikia kijana akilalamika kuwa kondomu zote ni feki kwa sababu zinapasuka, kumbe alikuwa akipaka mafuta ya nazi. Mafuta ya aina yoyote, ya nazi, ya kupikia, ya mgando, huidhoofisha kondomu ya mpira wa kawaida ndani ya dakika chache. Kama kilainisho kinahitajika, kiwe kile cha maji kinachouzwa madukani ya dawa. Kabla ya kufungua pakiti, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Fungua kwa vidole, usitumie meno wala mkasi. Bana ncha yake hewa itoke, uivalishe uume uliosimama kabla sehemu za siri hazijagusana, uikunjue hadi kwenye shina. Wakati wa kutoka shika shina lake, na utoke kabla uume haujalegea. Ikishatumika mara moja ni ya kutupa. Na ile iliyokaa miezi mitatu kwenye pochi unayoikalia, au mbele ya kioo cha daladala inachomwa na jua, usiitegemee.

Kwa wasio katika ndoa, au walio na wenza zaidi ya mmoja, hesabu ni nyingine. Hapo kondomu si ya miezi michache, na hofu si ya ini peke yake. Kisonono, klamidia, kaswende, virusi vya UKIMWI, vyote hivyo hupungua sana mtu anapoitumia kila mara. Hupungua, sikusema huisha. Kaswende na malengelenge ya sehemu za siri huweza kupitia kidonda kilicho pembeni, mahali ambapo kondomu haifiki. Hali kadhalika virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, ambavyo kwavyo wasichana nchini Tanzania wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2018. Na kwa kuwa redio ni ya watu wazima pia, niseme na hili: mapenzi ambayo mdomo hugusa sehemu ya haja kubwa huweza kuleta homa ya ini aina ya A, ile ya kinyesi, hata kama maji ya nyumbani mnayachemsha.

Magonjwa haya husaidiana. Nchi hii ilitoa somo kubwa katika jambo hilo. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, watafiti walichukua maeneo 12. Katika 6 waliimarisha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida, wahudumu wakafundishwa na dawa zikapatikana. Maeneo 6 mengine yalisubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa kama asilimia 40 kule kulikoimarishwa matibabu. Utafiti mwingine uliofanywa baadaye Rakai, Uganda, kwa njia tofauti, haukupata punguzo kama hilo, na wataalamu walibishana sana. Lakini kisonono kisichotibiwa hakijawahi kumfaa mtu. Anayetokwa usaha au mwenye kidonda aende zahanati yeye na mwenzake, asimalizie shida yake kwa vidonge viwili alivyonunua kwa kubahatisha.

Kuhusu homa ya ini B, tatizo ni kwamba haina kidonda wala usaha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watu milioni 254 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa muda mrefu, na katika kila 100 wao ni 13 tu waliokuwa wameshapimwa na kujulishwa. Mwaka huohuo uliua watu milioni 1.1, wengi wao kwa ini kusinyaa na kwa saratani ya ini. Hapa kwetu mtu huyo hufika hospitali tumbo limejaa maji, baada ya kuzungushwa kwa waganga wawili watatu, kwa sababu tumbo kuvimba namna hiyo huitwa kurogwa au kulishwa sumu. Jirani fulani anachukiwa hadi leo kwa kifo ambacho hakukijua.

Wala haikulazimu kufika huko. Mwenye virusi anayejijua hufuatiliwa, ini lake likapimwa mara kwa mara, na si wote wanaohitaji dawa. Wanaohitaji hupewa vidonge kama tenofovir, ambayo hutumika pia katika matibabu ya virusi vya UKIMWI. Dawa hizo huvituliza virusi, kwa kawaida haziviondoi kabisa, na mtu asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe kwa sababu ini linaweza kulipuka upya. Pombe aiache. Dawa za mitishamba zinazoitwa za kusafisha ini nazo aziogope, kwani baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe. Mwenye aina ya C ana bahati zaidi upande huu, maana siku hizi vidonge vya wiki 12 huwaponya zaidi ya watu 95 katika 100, ingawa chanjo yake haipo.

Wala asitengwe. Kula sahani moja, kupeana mikono, kukumbatiana, kutumia choo kimoja, hakuambukizi. Vitu vya kutenganisha ni wembe, mswaki, na mkasi wa kucha.

Wengine watauliza: je, mimi nilichanjwa? Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga homa ya ini B mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo ahesabu kuwa hakuchanjwa, isipokuwa kama alijichanja ukubwani. Yaani karibu kila anayefunga ndoa akiwa na umri wa miaka 30 leo. Baadhi ya viongozi wa dini wamekuwa wakiwataka wachumba wapime virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Kwa kuwa sindano ni ileile na mkono ni uleule, wachumba waombe na kipimo cha homa ya ini. Asiye na virusi wala kinga achanjwe kabla ya harusi. Mtu mzima kwa kawaida hulipia chanjo hii mwenyewe, na ni kweli kwamba si kila zahanati inayo, lakini katika michango ya harusi zetu hizi, pesa ya dozi tatu za watu wawili haitakosekana.

Mama mjamzito naye aulize kipimo hicho anapokwenda kliniki. Akikutwa navyo, daktari anaweza kumpa dawa miezi ya mwisho ikiwa virusi ni vingi, na mtoto anatakiwa apate chanjo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kisha aendelee na zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kunyonyesha aendelee nako. Na yeyote ambaye jana kondomu ilimpasukia akiwa na mtu mwenye virusi, au alibakwa, asingoje dalili. Dalili huchukua mwezi mmoja hadi sita, na pengine zisije. Chanjo ikianza mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, bado inaweza kumkinga. Aende leo hospitali, na hapohapo aulize dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, ambazo mwisho wake wa kuanzwa ni saa 72.